Goli la Mji, Goti la Yusta

Nilipokabidhi ufunguo wa studio, ninyi vijana wa redio mliniuliza ni wimbo gani ulionisumbua kuliko zote katika miaka yangu ya kazi. Nikawajibu kwa mzaha kwamba ni ule wa tangazo la dawa ya viroboto, maana kiitikio chake nilikiota hata nilipokuwa na malaria. Mkacheka, tukala pilau, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, nikaenda nyumbani. Lakini swali lile halikuondoka. Sasa nina muda wa kulijibu vizuri, na nina saa ya ukutani ya kunikumbusha kwamba muda wenyewe ni mwingi.

Nilianza kazi Makambako, katika studio ya kaseti iliyokuwa nyuma ya duka la vipuri vya magari. Mwenyewe alikuwa Mzee Shabani, fundi redio aliyekuja na reli akitokea pwani, akaoa hapa, akabaki. Baridi yetu hakuizoea mpaka alipokufa. Ijumaa alivaa kanzu juu ya sweta mbili, akaenda msikitini akiwa mnene kuliko alivyokuwa Alhamisi. Mimi nilikuwa nimetoka Mlangali, nimeimba kwaya ya usharika tangu utoto, nikadhani nimeajiriwa kuimba. Alinipa ufagio, kisha kopo la gundi na lundo la trei za mayai, tukabandika ukuta mzima kuzuia mwangwi. Tulipomaliza alinikalisha kwenye stuli katikati ya chumba.

"Usiguse kitu," akasema. "Niambie unasikia nini."

"Sisikii kitu, Mzee."

"Kaa tena."

Nilikaa. Baada ya muda nikaanza kusikia friji ya dukani, breki za lori kule njia panda, kuku wa jirani, na pua yangu mwenyewe. Mzee Shabani akaniambia kwamba hivyo vyote vitaingia kwenye kaseti kabla ya mwimbaji, na kwamba nikishavijua kwa majina ndipo atanionyesha swichi. Siku ya kwanza ikaisha bila kuiona swichi hata moja. Nyumbani waliponiuliza nimejifunza nini mjini, nikasema nimejifunza kwamba ninapumua kwa kelele.

Wateja wetu wakubwa walikuwa kwaya. Zilikuja kutoka Mawengi, Mlangali, Kifanya, zimepanda malori juu ya magunia ya viazi, sare zimefungwa kwenye vitenge zisichafuke. Magitaa yalifika yamelegea nyuzi kwa baridi. Tuliyakalisha mbali kidogo na jiko la mkaa kabla ya kuyapiga. Nasema mbali kidogo kwa sababu kwaya moja haikunisikiliza, gundi ikayeyuka, gitaa likafunguka kama kitabu. Mvua ikinyesha kwenye bati, kazi ilisimama. Mtu akikohoa kwenye ubeti wa mwisho, tulirudi mwanzo, wote, na aliyekohoa alitazamwa na watu thelathini wa Mungu kwa macho yasiyo ya kiroho hata kidogo. Ninyi mnaokata kikohozi kwa kompyuta hamjui jinsi wimbo ulivyoweza kuvunja undugu.

Kutunga kulikuja polepole. Watu walianza kuomba nyimbo za harusi, za kuaga marehemu, za mbegu za mahindi, za madiwani. Mzee Shabani hakutunga, lakini ndiye aliyenifundisha kutunga. Alisema mteja akija kutaka asifiwe, mwache aseme mpaka amalize, mshukuru, halafu nenda ukaulize kwa wanaoishi naye. Kuna bwana harusi mmoja alitaka wimbo utaje kwamba ni mpole. Nikaenda kwa dada zake. Wimbo ukataja kwamba ni hodari wa kupasua kuni, na ukumbi mzima ukashangilia, kwa sababu hilo lilikuwa kweli.

Baadaye redio ikafunguliwa, ikatuchukua sisi na mitambo yetu, kaseti zikaisha, kompyuta zikaja. Mzee Shabani aliwahi kuketi mbele ya kompyuta mara moja tu. Akatazama mistari ya sauti inavyopanda na kushuka kwenye kioo, akaniambia, "Sasa mtaangalia muziki badala ya kuusikia," akainuka. Tulimzika msimu wa mvua uliofuata. Nilibaki na miksa, meza yake ya kuchanganyia sauti, na kazi ya kuwafundisha ninyi.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe.

Wote mnamjua Mwalimu Lameki, hata ninyi mliohamia juzi. Alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari, na ndiye aliyeiunda timu ya wasichana wakati ambapo wazazi wengi waliona msichana mwenye kaptura ni msiba. Mtu mfupi, suruali ya michezo ya bluu, filimbi shingoni hata kanisani. Timu yake iliwafunga watu ambao hatukuwahi kuota kucheza nao. Mikononi mwake walitoka askari, nesi, walimu, na wasichana wengine walioitwa kucheza Dar es Salaam. Vilevile aliwachapa. Aliwakimbiza alfajiri kwenye jalidi, nyasi zimeganda barafu, wengine bila viatu. Aliwatukana kwa maneno ambayo mama zao waliyasikia wakiwa ng'ambo ya barabara. Wakati mmoja wazazi walilalamika mpaka akaondolewa kwenye timu. Timu ikafungwa mechi zote, na wazazi walewale wakaenda kumwomba arudi. Nusu ya mji ilimwita baba, nusu ilimwita mnyama, na wapo waliomwita vyote viwili kwa siku moja, kutegemea matokeo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Mwalimu Lameki naye alikuwa anastaafu. Mashabiki waliunda kamati ya kumuaga, na mwenyekiti alikuwa Kassimu, yule mwenye malori, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeisafirisha timu bila kudai hata nauli. Alikuja studio akiwa amechangamka.

"Mama Imani, tunataka wimbo. Mwalimu akiingia uwanjani, wimbo uinuke, watu walie. Utaje fainali. Utaje lile goli."

Goli lile halihitaji kuelezwa kwa mtu wa hapa, lakini kwa mgeni nitasema: fainali ilichezwa Njombe mjini, mechi inaelekea kuisha, hakuna aliyefunga, na msichana namba tisa anaitwa Yusta akapiga mpira kutoka mbali, ukaingia pembeni juu. Mji ulilipuka kwa furaha. Kuna vinyozi wawili na mgahawa mmoja walioita biashara zao kwa jina la goli hilo.

Nikaanza kama nilivyofundishwa, kwa kuwaendea waliokaa naye. Nesi alinieleza kwamba bila Mwalimu Lameki angeolewa kabla ya kumaliza shule. Askari alisema kwamba mpaka leo akiamka alfajiri anaisikia filimbi, na hajui kama anaipenda au anaichukia. Nikaandika ubeti wa kwanza na wa pili kwa urahisi, zote beti za kweli, zote za sifa. Nilipokuwa naagana na nesi, akaniuliza, "Umeonana na Yusta?"

Nikasema bado.

"Kabla hujamaliza wimbo, nenda Kifanya."

Nilimkuta Yusta kwenye kitalu chake cha miche ya misonobari, kando ya kijito. Kabla hajainua uso nilimwona akitembea kati ya matuta akiutupa mguu wa kulia kwa nje, kama mtu anayevuka kitu kisichoonekana.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu."

Tulikaa kwenye gogo. Akanimenyea viazi vya kuchemsha, akanisikiliza nikimwimbia beti zile mbili kwa sauti ya chini. Hakuonyesha kukasirika. Akauliza, "Goli lipo wapi?"

"Linakuja ubeti wa tatu."

"Lile goli mnaliimba kila mwaka, mama. Na goti je? Nani ataliimba goti?"

Hapo ndipo nilipoijua habari ambayo mji mzima uliishi nayo bila kuiuliza. Siku chache kabla ya fainali, Yusta aliumia mazoezini. Goti likavimba mpaka suruali ya michezo haikupita. Mama yake akamlaza ndani. Mwalimu Lameki akaja Kifanya kwa pikipiki, akaliangalia, akasema ni uvimbe tu, akalifunga bandeji kwa mikono yake mwenyewe, akampa vidonge vya maumivu, akaondoka naye. Yusta alicheza mechi yote. Ule mpira aliupiga kutoka mbali kwa sababu hakuweza tena kukimbia kusogea karibu. Alipoupiga, alisikia kitu kinakatika ndani.

"Nilianguka," akasema. "Watu wakadhani naanguka kwa furaha. Wakanirukia juu. Halafu wakaenda kumbeba Mwalimu."

Aliketi nyuma ya goli akiwa ameshika viatu vyake mpaka uwanja ukapungua watu. Alikuwa ameitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa ya vijana. Hakwenda. Daktari alishauri apelekwe mbali akapasuliwe, na mbali kulikuwa mbali. Baada ya hapo kila mtu aliyemwona alimpongeza kwa lile goli.

"Unamchukia?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo. "Kumchukia ni kazi, mama, na mimi nina miche. Jioni nafundisha watoto wa kike mpira pale shuleni. Unajua ninayowafundisha ni ya nani? Ni yake. Namna ya kuupokea mpira, namna ya kugeuka. Yote ni yake. Ila mtoto akisema linauma, namkalisha."

Nilimwomba ruhusa ya kumwimba. Aliondoa magugu kwenye vifuko vya miche, kimoja kimoja.

"Niimbe," akasema. "Lakini asikie yeye kwanza. Asije akasikia redioni kama mtu anayesemwa. Aketi, asikilize mpaka mwisho."

Ubeti wa tatu niliutunga nikirudi, kwenye gari, na haukunipa taabu kwa sababu Yusta alikuwa ameshautunga:

*Goli lile ni la mji mzima,*
*goti la kushoto ni la Yusta.*
*Kocha alibebwa mabegani,*
*Yusta alibebwa na nani?*

Nilimwita Kassimu, nikampigia kinanda na kumwimbia wote. Kwenye beti mbili za mwanzo alitikisa kichwa kwa kuridhika na kufumba macho. Kwenye wa tatu aliyafumbua.

"Mama Imani! Sisi tumekuagiza keki, wewe unatuletea dawa ya minyoo!"

"Ni kweli au si kweli?"

"Kweli ipo nyingi. Kwa nini uchague hii? Hii ni sherehe, si mahakama. Yule mzee anaondoka. Utamwimbia goti mbele ya mkuu wa wilaya?"

"Bila goti, goli lile ni la nani?"

"Ni letu sote."

"Ndivyo nilivyoandika. Mstari wa kwanza."

Akasimama, akakaa, akasimama tena. Kassimu si mtu mbaya. Aliipenda timu ile kama wanawe, na nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba lori lake ndilo lililomrudisha Yusta nyumbani siku ile, na yeye mwenyewe, akiwa usukani, aliimba njia nzima. Akaniambia niutoe ubeti huo au niuache wimbo. Nikamwambia nitampa jibu nikishamwona Mwalimu.

Mwalimu Lameki anaishi Njombe, upande wa mashamba ya chai, nyumba ya matofali yenye miti ya matunda mbele. Mkewe alinikaribisha sebuleni, akasogeza jiko la mkaa miguuni pangu, akaleta chai, akatuacha. Mwalimu alikuwa na koti zito na filimbi shingoni. Nilimweleza kwa nini nimekuja, nikamwambia kuna mtu ameomba asikilize mpaka mwisho. Hakuuliza ni nani. Akasema, "Imba."

Nimeimba mbele ya maaskofu na mawaziri. Sijawahi kuimba mahali pagumu kama sebule ile, bila kinanda, mtu mmoja akinitazama. Nilipofika ubeti wa tatu aliinama, akaanza kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilimaliza.

"Wale wasichana," akaanza, "bila mimi wangekuwa wapi?"

"Nimeimba hilo, Mwalimu. Ubeti wa kwanza na wa pili."

"Kwa nini usiishie hapo?"

"Kwa sababu nilikwenda Kifanya."

Akatikisa kichwa. "Nilimwuliza. Andika na hilo. Nilimwuliza kama anaweza, akaniambia anaweza."

"Alikuwa anakuogopa."

"Wote walikuwa wananiogopa! Ndiyo maana walishinda." Alilisema kwa sauti ya uwanjani, kisha akautazama ukuta, kama aliyesikia sauti yake imeugonga ikamrudia. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine. "Siku yangu ya kuagwa, wimbo huo usipigwe. Mengine mtafanya mnavyotaka, nikishaondoka uwanjani."

Nikamwahidi. Nilimshukuru, nikaaga. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikivaa viatu aliponiita.

"Mama Imani. Umekosea. Si goti la kushoto. Lilikuwa la kulia."

Hili niwaeleze ninyi mnaotunga. Nilijua ni la kulia. Nilimwona Yusta akitembea. Niliandika kushoto kwa makusudi, kwa sababu kulia ni neno lenye maana mbili, na niliogopa msikilizaji angesikia ile ya machozi, nikaonekana nalazimisha watu kulia. Nikataka kumweleza Mwalimu habari hii ya ufundi. Lakini alikuwa amesimama pale sebuleni ameweka kiganja juu ya goti lake mwenyewe, la kulia, kama anayefunga bandeji. Nikasema tu, "Nitarekebisha."

Nilimwambia Kassimu siuimbi wimbo nusu, na mzima nimeahidi kutoupiga. Alishukuru haraka kuliko adabu ilivyoruhusu, akamtafuta kijana mmoja wa bongo fleva aliyetunga wimbo mwingine kwa siku mbili. Ndani yake Mwalimu Lameki alikuwa simba, chui, radi, na jua. Mapigo yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Nami siku ya sherehe nilikuwa uwanjani kwenye miksa, chini ya turubai, kwa sababu mitambo ilikuwa ya redio na mwendesha mitambo alikuwa mimi. Kazi ni kazi.

Wimbo ulipigwa, watu wakacheza, hotuba zikasomwa, kubwa na ndefu. Mwishoni Mwalimu akapewa kipaza sauti. Tulitegemea shukrani. Yeye akapuliza filimbi, uwanja mzima ukanyooka, hata mkuu wa wilaya. Kisha akaanza kuita timu ya fainali, namba kwa namba. Kipa akaja na mtoto mgongoni. Beki wa kulia, beki wa kushoto. Nesi. Askari, ambaye alikuja akikimbia bila kuambiwa. Walikuwa wanajipanga kwenye mstari kama zamani, wakicheka, wamenenepa.

"Namba tisa," akasema. "Yusta."

Yusta alikuwa kwenye kona ya mbali na watoto wake wa Kifanya, waliokuwa wamecheza mechi ya utangulizi. Akasimama. Kutoka kona ile mpaka jukwaani ni kuvuka uwanja mzima. Akaanza kuvuka.

Watu walishangilia jina lake, kwa ajili ya goli. Halafu kelele zikaanza kupungua zenyewe, kwa sababu alikuwa bado anakuja. Akautupa mguu, akaukanyaga, akautupa. Wengi pale hawakuwa wamemwona akitembea tangu siku ile. Walikuwa na picha ya msichana anayepiga mpira. Uwanja ukawa kimya mpaka nikasikia bendera za jukwaani. Mshereheshaji akashindwa kuvumilia, akanigeukia akizungusha kidole hewani: piga muziki, piga muziki. Kassimu naye akanifanyia ishara hiyohiyo kwa mikono miwili.

Nilishusha vitufe vyote. Muziki, kipaza sauti cha mshereheshaji, na mwisho, alipobakiza hatua chache, kipaza sauti cha Mwalimu. Nilikuwa nimelipwa miaka yote kuwafungulia watu sauti. Hiki nilikifunga kwa hiari yangu, kwa sababu niliona midomo yake inaanza kusogea, na nikajua atakachosema si chetu.

Akasema. Maneno machache. Yusta akajibu, machache vilevile. Kisha Mwalimu akavua filimbi, akabaki ameishika kama hajui aiweke wapi, wala hakumpa, wala hakuivaa tena. Yusta akaingia kwenye mstari, mahali pa namba tisa.

Kassimu alifika kwenye turubai akihema. "Umeme umekatika?"

"Umeme upo."

Alinitazama, akatazama miksa, akatazama uwanjani. Alivuta kiti cha plastiki akakaa kando yangu, mikono magotini, mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Jioni, wakati watoto wa Kifanya wanapanda gari, nilimfuata Yusta. Sikutaka kumwuliza, lakini nilimwuliza.

"Aliniuliza kama bado linauma," akasema.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, wakati wa baridi."

Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo lingekuwa jibu la kufariji. Sisi tunajua baridi ya hapa inaanza lini na inakwisha lini.

Kisha akaniuliza yeye, "Ulimwimbia? Alisikiliza mpaka mwisho?"

"Alisikiliza mpaka mwisho. Akanisahihisha goti."

"Basi turekodi," akasema.

Tulirekodi kabla sijakabidhi ufunguo. Nesi na askari waliitikia. Ubeti wa tatu Yusta alitaka kuuimba mwenyewe, na nilimwekea kiti, akakikataa. Sauti yake si ya mwimbaji; ni sauti ya mtu anayeita watoto uwanjani. Sikuigusa kwa mtambo wowote. Aliimba goti la kulia, na kama mnaousikia wimbo mnasikia machozi, hayo ni yenu.

Nilipompigia alichoimba, alisikiliza na hedifoni masikioni, akazivua, akakunja uso.

"Mama, mbona goli umelipa mstari mmoja tu?"

"Nilidhani hutaki tena kulisikia."

"Nani kasema? Lilikuwa goli zuri!" Akasogea katikati ya chumba. "Hakuna aliyewahi kuniuliza lilikuwaje. Wananihadithia mimi. Sikilizeni. Mpira ulitoka kwa huyu," akamgusa askari begani, "ukanikuta nimewapa mgongo. Nikaupokea kwa mguu mzuri. Beki wao alidhani nitaurudisha nyuma, kwa sababu ameniona nachechemea tangu mwanzo wa mechi, maskini, akapumzika. Nikageuka hivi."

Aligeuka. Nesi akaziba mdomo. Nilirudisha mkono kwenye miksa na kubonyeza rekodi, na Yusta akaendelea kueleza, mkono wake ukichora njia ya mpira hewani, juu ya vichwa vyetu, juu kidogo, juu tena, halafu pembeni, mpaka ukutani. Sehemu hiyo ndiyo iliyo mwishoni mwa wimbo, baada ya ala kunyamaza. Kuna waliopiga simu redioni kulalamika kwamba si kuimba, ni kuongea. Ni kweli, ni kuongea. Na mtu anayecheka kwa nguvu pale mwisho kabisa, ambaye mmekuwa mkiniuliza ni nani, ni Yusta mwenyewe.